Wasichana Wote wa Darasa la Sita

Wilaya ile ya elimu ilikuwa ndogo kiasi kwamba takwimu zake zote zilienea kwenye karatasi moja, na aliyezifanya zienee alikuwa Mzee Jedwali.

Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipatia ofisini, ambako kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa takwimu. Yeye ndiye aliyejua kwamba shule nne za umma za wilaya ile zilikuwa na wanafunzi mia nne na kumi na mmoja, kwamba themanini na wanane kati yao walitembea zaidi ya saa nzima kufika darasani, na kwamba sitini na wawili walilelewa na bibi zao. Ukimuuliza habari za nyumbani, alijibu nzuri. Ukimuuliza habari za darasa la tatu, uvute kiti.

Miaka mitatu nyuma, makao makuu walitaka jedwali la ufaulu liwe ukurasa mmoja tu. La kwake lilikuwa na safu kumi na mbili, na karatasi ilibeba kumi na moja. Mzee wa watu alihangaika nalo siku mbili. Alipunguza herufi, akabana pembeni, akajaribu kuilaza karatasi, wapi. Mwishowe akaitoa safu ya idadi ya watahiniwa, akaziacha asilimia, maana asilimia ndizo zilizopendwa na wakubwa. Jedwali likatoka limenyooka, safi, la kupendeza macho. Nakala moja aliibandika ukutani kwake, na mgeni akiingia, mzee alisogea kidogo ili asilizibe.

Ubaya wa kitendo kile ulichukua muda kuonekana. Katika ile shule ya mlimani, iliyo mbali kuliko zote, kulikuwa na darasa moja lenye wavulana tisa na msichana mmoja. Msichana huyo alifaulu mtihani wa darasa la nne, na jedwali likasema: wasichana, asilimia mia. Mwaka uliofuata akafaulu tena: asilimia mia. Makao makuu, wasiokuwa na safu ya idadi ya kuwatoa tongotongo, wakafurahi mno. Wakatuma cheti chenye fremu. Wakatuma na ujumbe wa watu watano, wenye viatu visivyojua mlima, waje wajifunze siri ya ufaulu wa wasichana wa huko. Mmoja wao alichukua hadi maji ya kisimani kwenye chupa.

Mwaka wa tatu, darasa la sita, msichana akafeli. Jedwali likasema: sifuri.

Barua ilifika Jumatatu, ina mihuri mitatu. Iliitaka ofisi ya wilaya ieleze, kabla ya Ijumaa, sababu za kuporomoka kwa ufaulu wa wasichana kwa asilimia mia moja, pamoja na mikakati isiyopungua mitano ya kuwanusuru. Afisa Elimu, mwanamke mwenye sauti nzito ya kifuani na miwani inayoteleza, aliisoma mara mbili kisha akamwita karani wake.

"Mzee Jedwali, wasichana wamefanya nini huko mlimani?"

"Wamefeli, bosi."

"Wote?"

"Wote."

"Wako wangapi?"

Mzee Jedwali alitazama dari kama vile jibu lilikuwa limeandikwa kule. "Mmoja," akasema.

Afisa Elimu alivua miwani. Kwanza alicheka, akacheka mpaka karani akapata matumaini. Kisha akaacha kucheka.

"Makao makuu niachie mimi, nitajua cha kuwaambia," alisema. "Mimi naumia na huyu mtoto. Aliyekosa arobaini katika masomo yote anarudia darasa, ndiyo kanuni, na karatasi ya kurudia iko hapa inasubiri sahihi yangu. Mtoto aliyekuwa anafaulu kila mwaka haanguki hivihivi. Nenda kamwone. Ukirudi uniambie niitie sahihi au nisiitie. Na ile safu uliyoitoa, tutaizungumza siku nyingine."

Hapo karani aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

Kesho yake asubuhi alimsimulia mkewe, fundi cherehani, aliyekuwa ameshaketi kwenye mashine yake karibu na dirisha akishona pindo la sketi ya shule. Mkewe alimsikiliza bila kuinua kichwa, mguu ukikanyaga. Alikuwa amezoea kusikia habari za watoto kwa mafungu.

"Huyo msichana," alisema, "darasani anaongea na nani?"

"Kuna wavulana tisa."

Cherehani ikasimama. "Sikukuuliza wako wangapi, mume wangu. Nimekuuliza anaongea na nani."

Mzee Jedwali akachukua pampu ya baiskeli yake. Katika nyumba ile, hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema sijui.

Njia ya kwenda mlimani unaipanda baiskeli nusu, nusu nyingine baiskeli inakupanda wewe. Alifika saa nne na ushee, shati limegandana na mgongo. Shule ilikuwa na vyumba saba katika mstari mmoja, chumba kwa kila darasa, na walimu wanne wakizunguka kutoka chumba hadi chumba mfano wa mama mwenye vyungu saba na majiko manne. Watoto walikuwa sitini na wanane. Alijua bila kuwahesabu, lakini aliwahesabu.

Mwalimu Mkuu alimpokea ofisini, chini ya cheti chenye fremu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, aliyepiga pasi hata mikono ya sweta, na shule ile aliipenda mapenzi ya wivu. Alipofika miaka kumi na moja nyuma, madarasa mawili mawili yalikuwa yakisomea chumba kimoja, na watu wa bondeni waliiita shule ya kubanana. Alipigana hadi vyumba vyote saba vikapata paa na mlango. Mtu yeyote asingemwambia tena kwamba shule yake ni ya kubanana.

"Usinifariji, mzee," alisema kabla mgeni hajakaa. "Nilimfundisha mwenyewe hesabu. Nimelala na karatasi zake siku tatu. Mtoto ameniangusha, basi."

"Naweza kuziona?"

Alimsukumia zile karatasi kwa kidole, akageukia dirishani. Mzee Jedwali alivaa miwani yake ya kazi akaanza kusoma alama. Hesabu, thelathini na tisa. Sayansi, thelathini na tisa. Maarifa ya jamii, thelathini na tisa. Uraia, thelathini na tisa. Lugha, thelathini na nane.

Alirudia kuzisoma. Kama kuna kitu alichokijua duniani ni jinsi tarakimu zinavyotembea zikiwa zimeachiwa. Mtoto anayefeli hupata kumi huku, hamsini kule, ishirini na mbili mahali pengine. Kufeli hakuna unadhifu.

Akafungua karatasi ya hesabu. Maswali ya mwanzo yalikuwa ya alama tatu tatu. Mtoto alikuwa amefanya kumi na matatu, yote sahihi, yamepigiwa mstari kwa rula. Baada ya hapo, kurasa tupu.

"Mwalimu," alisema polepole, "kumi na tatu mara tatu ni ngapi?"

Mwalimu Mkuu aligeuka. Alitazama karatasi, akamtazama mzee, akaitazama tena. Alikuwa ameisahihisha kwa hasira na hakuona kitu ila nafasi zilizoachwa wazi. Akakaa chini taratibu.

"Na ile thelathini na nane ya lugha?" aliuliza.

"Insha hiyo. Alama za insha anazijua mwalimu peke yake. Hapo alikisia, na alikosea kwa moja tu. Nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii na sijaona mtu anayekisia namna hiyo."

Msichana waliyemtafuta walimkuta darasani, mapumziko, peke yake. Wavulana tisa walikuwa nje wakigombania mpira. Alikuwa na miaka kumi na miwili, magoti yenye vumbi la chaki, na shingoni kamba yenye ufunguo wa choo cha wasichana. Wenzake walimwita Asilimia. Mwalimu Mkuu alimtambulisha mgeni kisha akabaki mlangoni, mikono kifuani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unanijua mimi?"

"Hapana."

"Mimi nakujua. Nimekuandika miaka sita. Darasa la kwanza, wasichana: moja. Darasa la pili, wasichana: moja. Kila mwaka nilikuwa nakukuta pale pale, nakuandika, naendelea na safari."

Msichana alifikiri. "Ulikuwa unaandika jina?"

"Namba tu."

"Ah," alisema, kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ambayo hakutokea vizuri.

Mzee Jedwali alijibana kwenye dawati lililokuwa jirani. La msichana lilikuwa la watu watatu, na alilikalia mwenyewe, mabegi hayapo, viwiko vya mtu havipo. Wavulana walikuwa radhi kubanana wanne kwa watano kuliko kulikalia. Liliitwa dawati la wasichana.

"Nimeona mtihani wako wa hesabu," mzee alisema. "Ni kazi nzuri sana. Kupata thelathini na tisa kwa makusudi ni kugumu kuliko kupata tisini."

Msichana alimtupia jicho Mwalimu Mkuu, akashika ufunguo wake. Lakini pembe ya mdomo ilimsaliti. Alikuwa amefanya jambo la akili na kwa majuma kadhaa hakuwa na wa kumwonyesha.

"Sayansi ndiyo ilinisumbua," alikiri. "Ina nusu alama."

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

Alinyoosha mkono dirishani, kuelekea chumba cha darasa la tano. Kule nje ya mlango, wasichana wanne walikuwa wamekaa kwenye ngazi, mmoja akimsuka mwingine, wawili wakibishana juu ya jambo fulani kwa furaha kubwa.

"Darasa la tano wako wanne," alisema. "Nilipiga hesabu. Nikirudia darasa, nitawakuta mwakani darasa la sita, tutakuwa watano. Watano ni wazuri. Ukigombana na mmoja, bado una watatu wa kuongea nao."

"Na mapumziko huendi kukaa nao?"

"Naenda. Lakini mambo yote yanatokea darasani. Wakija nje wameshacheka. Mimi naelezewa tu."

Msichana alikuwa ameanza, na aliyeanza kusema baada ya miaka sita hasimamishwi kirahisi. Alisema yeye ndiye kiranja wa wasichana, na nahodha wa timu ya wasichana ambayo haijawahi kucheza, na mshika ufunguo. Wageni wakija anaitwa atoe shukrani kwa niaba ya wasichana wote wa darasa. Wale watano wa makao makuu walimuuliza wasichana wa hapa wanapenda somo gani, akawaambia sayansi, wakaandika.

"Nikipata, wanasema wasichana wamepata," alisema, na sauti ikaanza kumtoroka. "Nikikosa, wasichana wamekosa. Nikikohoa, mwalimu anauliza wasichana wana nini. Mimi nilitaka siku moja nikose mimi tu, halafu mwenzangu apate."

Mlangoni, Mwalimu Mkuu alikuwa amefungua mikono. Alikuja akakaa kwenye dawati la wasichana, pembeni, kwenye nafasi ambayo haikuwahi kukaliwa.

"Nilidhani nakupa heshima," alisema. "Kila nilipokuita mbele nilidhani nakuheshimu. Nisamehe, mwanangu."

Msichana hakujua mtu anajibuje mwalimu anapoomba msamaha, kwa hiyo akamfuta chaki kwenye mkono wa sweta. Mwalimu Mkuu akamwambia angeruhusiwa kurudia mtihani, hata kesho, na mambo yaishe.

"Nitapata thelathini na tisa tena, mwalimu," alijibu kwa heshima zote. "Samahani."

Ofisini, watu wazima wawili walirudi kukaa chini ya cheti. Nje mpira uligonga bati, ukarudi.

"Nimtie fimbo?" alisema Mwalimu Mkuu, akacheka kidogo, macho yakiwa mekundu. "Hana kosa. Mwaka mzima wa mtoto utapotea, mzee, na mtoto mwenyewe ameuhesabu na kuona ni bei nzuri."

Mzee Jedwali alikuwa ameshatoa kalamu. Kalamu ikiwa mkononi alifikiri vizuri zaidi. Aliandika kwenye kiganja, kwa kuwa karatasi zilizokuwapo zilikuwa za watu: mwakani, darasa la saba, kumi. Darasa la sita, kumi na wawili. Jumla, ishirini na wawili.

"Kuna kanuni ya darasa la pamoja," alisema. "Niliipiga chapa mimi mwenyewe. Madarasa mawili yanayofuatana, yakiwa hayazidi watoto ishirini na watano, yanaweza kukaa chumba kimoja. Hesabu na sayansi kila darasa na ubao wake, mengine kwa pamoja. Na wewe utapata mwalimu mmoja wa ziada kwa madarasa ya chini, ambako sasa mnakimbizana."

Kabla hajamaliza, uso wa Mwalimu Mkuu ulikuwa umeshafunga.

"Hapana. Nimetoka huko. Miaka kumi na moja nimepigana kila darasa liwe na mlango wake. Niwarudishe kubanana? Watu wa bondeni watanicheka hadi nizeeke."

"Watacheka," mzee alikubali. Hakuwa mtu wa kupaka mafuta maneno. "Lakini mwalimu, umejenga vyumba saba, na katika kimoja umemweka mtoto na ufunguo wa choo."

Yalimtoka kabla hajayapima, naye mwenyewe alishtuka. Mzee alianza kuitafuta kofia yake. Kisha mama yule akasimama, akashika fremu ya cheti, akaishusha ukutani, akaiegemeza chini, uso ukitazama kabati.

"Mwite," alisema.

Msichana alipoingia walimweleza. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande, kisha akauliza maswali yake moja baada ya jingine, kama mnunuzi wa kitu kikubwa. Je, darasa la saba litabaki darasa la saba? Litabaki. Je, somo la lugha watakaa pamoja? Pamoja. Na uraia? Na uraia. Na madawati ni ya wawili au ya watatu?

"Ya watatu," alisema Mwalimu Mkuu. "Na kukaa, utakaa unapotaka."

"Basi dawati moja watatu, lingine wawili," alisema msichana, na wote wawili wakaona jinsi alivyowapanga kichwani, akawapangua, akawapanga tena. "Tutakuwa tunabadilishana." Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, akatabasamu mpaka meno ya nyuma. "Mtihani ni lini, mwalimu?"

Aliufanya Jumatano, ofisini, karani wa takwimu akiwa msimamizi. Mzee alipanda tena mlima ule bila kutumwa na mtu. Msichana alipata themanini na nne ya hesabu, na nyingine zilikuwa jirani. Alhamisi, Afisa Elimu alichukua karatasi ya kurudia darasa akaichana vipande vinne, akatia sahihi yake kwenye ile ya darasa la pamoja. Fomu ya makao makuu iliyotaka sababu ilikuwa na visanduku: utoro, maradhi, umbali, uhaba wa vitabu, nyinginezo. Mzee Jedwali aliweka alama kwenye nyinginezo, na mbele yake akaandika: alikuwa peke yake.

"Na mikakati mitano?" aliuliza bosi.

"Wasichana watano," alisema karani. "Mkakati ni huo huo, mara tano."

Mwaka mpya ulipoanza, siku ya kuhesabu wanafunzi, mkewe alimsindikiza hadi mlangoni. Alimshikisha mfuko mdogo wa riboni alizozikata kwenye mabaki ya vitambaa, tano, za rangi tofauti ili zigombaniwe vizuri. Jedwali jipya lilikuwa kwenye begi lake. Lilikuwa na safu kumi na mbili na kurasa mbili zilizobanwa kwa pini. Halikupendeza hata kidogo.

Katika chumba cha darasa la pamoja, watoto ishirini na wawili walisimama kumwamkia. Mzee Jedwali aliweka mfuko wa riboni juu ya meza ya mwalimu, akatoa kalamu, akahesabu. Wavulana, kumi na saba. Wasichana, watano, kwenye madawati mawili karibu na dirisha. Asilimia alikuwa kwenye lile la watu watatu, katikati, kiwiko huku na kiwiko kule, shingoni hana ufunguo. Ulikuwa shingoni kwa mwingine, wa darasa la sita. Lakini uso wa mtoto ulikuwa umevimba kwa kununa, mgongo amempa jirani yake wa kulia, na jirani wa kulia naye amempa wa kwake.

Mzee aliingiwa na hofu. Alimsogelea, akainama.

"Vipi, mjukuu wangu? Kuna nini?"

"Huyu siongei naye leo," alisema, kidevu juu. "Amesema siri yangu."

Mzee Jedwali alilazimika kuvua miwani na kuipangusa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Sasa utaongea na nani?"

Msichana alimtazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Wako watatu, babu," alisema.